Hadithi ya Mchana Kibakwe

Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Dodoma yakajaa mitumba na redio kaseti, mimi nilijaa kiburi. Kitabu changu cha watoto kuhusu wachunga ng'ombe wa Ugogo kilikuwa kimepata tuzo, ingawa mimi, karani niliyehamia kutoka Tanga, wachunga ng'ombe nilikuwa nikiwaona kupitia dirisha la ofisi. Mchapishaji wangu, Bwana Mshana, hakubabaishwa na cheti.

"Hiki cha pili kawasomee watoto wa wafugaji wenyewe," aliniambia. "Wakicheka, nachapa. Wasipocheka, rudi kwenye mafaili yako."

Niliingiwa na hofu, maana makarani wenzangu nilikuwa nimeshawaaga kwa mbwembwe.

Asubuhi nilipanda basi la Mpwapwa nimevaa suti, cheti nimekipakata ndani ya fremu ili watu waniulize. Jirani yangu, mama mwenye kuku, aliuliza kama kile kioo kinauzwa.

Kutoka Mpwapwa nilipata lori la kupanda milima ya Kibakwe, nikakaa juu ya magunia matupu. Nilifika suti imekuwa rangi ya barabara. Mwalimu Chilewa, mwalimu mkuu na mwenyeji wangu, alinikaribisha kwa ugali wa mtama na mlenda, mboga ya utelezi iliyonitiririka hadi kwenye tai.

Kesho yake asubuhi, darasani, nilianza kusoma mswada wangu kwa madaha. Sijamaliza ukurasa, watoto wote wakaziba masikio kwa vidole. Nikapaza sauti, wakazidi kuziba. Nikalia kama fisi wa hadithini. Binti wa mbele naye akaanza kulia, lakini kweli. Nikaona kitabu changu kimekufa.

Mwalimu Chilewa alikuwa mlangoni, hoi kwa kicheko. "Mwandishi, kwani kwenu hadithi husimuliwa mchana? Hapa bibi zao wamewaambia, hadithi ya mchana inapoteza ng'ombe."

"Na wewe mwalimu unaamini hayo?"

"Mimi? Aa, mimi nimesoma bwana."

Jioni, nyumbani kwake, ng'ombe walirudi zizini isipokuwa mtamba mmoja mwekundu. Mwalimu aliyesoma aliwahesabu mara mbili, kisha akanigeukia mimi. Mama yake akatoa hukumu.

"Aliyempoteza akamtafute."

"Sawa, bibi," nikasema.

Nikapanda kilima na viatu vya ofisini, nikimwita kwa sauti ng'ombe nisiyemjua jina. Soli ilibaki maweni, kipande cha suruali mibani. Nilirudi nikichechemea, mikono mitupu, nikamkuta mtamba nyuma ya jiko anatafuna maganda.

"Mbona hamkuniita?"

"Tulikuita, mjukuu wangu," bibi akasema. "Kelele zako zilitushinda."

Giza lilikuwa limeingia, na watoto wa jirani walikuwa wameshakusanyika kando ya moto. Aibu ilikuwa imenijaa, na mswada sikutaka hata kuuona. Nikaanza: hapo kale palikuwa na mwandishi mwenye cheti, aliyempoteza ng'ombe kwa kusoma. Nilipofika kwenye soli waligaragara chini. Bibi akadai nirudie hapo, na nikarudia kwa furaha ambayo ile tuzo haikunipa.

Niliporudi Dodoma niliiandika hadithi hiyo, nikampelekea Bwana Mshana. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Huyu mpumbavu umemkuta Kibakwe?"

"Hapana, mzee. Nilikwenda naye."

Kitabu kikachapwa. Siku hizi nikialikwa shuleni kusoma mchana, kabla sijafungua ukurasa huuliza kwanza ng'ombe wa mwalimu wako wapi.