Tonge la Yeshimebet

Wifi yangu Yeshimebet ana mdomo, jamani! Tunaishi ua mmoja hapa Gondar tangu kaka yangu Demissew alipomuoa, na kila tukigombana hunimaliza kwa maneno. Kiharusi kilipoulaza mkono wake wa kulia, nilidhani atalilia kuoka injera, mkate wetu mwembamba wa kila mlo. Wapi! Alitaka kitu kimoja tu: amlishe mumewe tonge la kwanza, kama alivyofanya kila mlo. Na kwetu mkono wa kushoto haulishi mtu. Kaka akawa anajilisha ameinamisha kichwa, nami roho ikiniuma.

Asubuhi moja nilikuwa naoka, wifi kakaa kando yangu. Mkono ule ukateleza ukagusa bamba la moto. Ukaruka! Nikapiga vigelegele mpaka majirani wakajaa uani.

"Maji ya baraka ya kanisani yamejibu!" nikapiga kelele.

Demissew akaacha cherehani yake, akaja akaketi mbele ya mkewe, kinywa wazi.

"Haya, inua," nikasema.

"Nauambia inuka! Hausikii!" Yeshimebet akaangua kilio mbele ya watu wote. Niliona haya, natamani ardhi inimeze.

Hiwot, binti wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, alipokuja hakutucheka.

"Moto hausubiri ubongo, mama. Habari iliishia kwenye uti wa mgongo, amri ikarudi hapo hapo, mkono ukaruka. Lakini kuinua tonge lazima uamue, amri itoke ubongoni, na njia yake ndiyo iliyoumia."

"Kwa hiyo mkono wangu unauheshimu moto kuliko mimi?"

"Kwa sasa. Ukiufundisha kila siku, ubongo unaweza kupata njia nyingine."

Basi akaufundisha. Alifinyanga unga, akaokota dengu, akautukana mkono ule matusi ambayo hata mimi sijawahi kutukanwa.

Siku ya Pasaka, sinia likiwa katikati, alikata injera, akaikunja na mchuzi wa kuku. Mkono ukapanda, ukatetemeka, ukasimama njiani. Mchuzi ukadondokea kanzu nyeupe ya kaka. Demissew akainama ili aufuate mkono.

"Wee! Rudi nyuma!" mkewe akamkemea. "Nitafika mwenyewe."

Kaka yangu akarudi nyuma, akakaa kinywa wazi, machozi yakimtiririka, akimsubiri mkewe. Na mkewe akafika.