Maiti Aliyehitaji Petroli

Shemeji yangu Delmer Haskett ana maoni mawili tu duniani. La kwanza, petroli inapanda bei kwa sababu kuna watu mahali fulani wanaotaka yeye, Delmer, aende kwa miguu. La pili ameliandika kwenye stika nyekundu iliyojaa bampa nzima ya pikapu yake: BUNDUKI YANGU MTAITOA MIKONONI MWANGU NIKIWA MAITI, TENA NIMEPOA. Ukinywa naye kahawa utayasikia yote mawili kabla sukari haijayeyuka. Dada yangu Arlys ameishi nayo tangu harusi, na kwa hilo namvulia kofia.

Mwaka jana mafuta yalipanda mpaka pikapu ikawa kitu cha kutazamwa. Kila Jumamosi Delmer aliiosha, akaingia, akasikiliza redio, akatoka. Wakati huohuo binti yao Kristy, aliyeolewa Boise, akajifungua mtoto wa kike, mjukuu wao wa kwanza. Kutoka kwetu Wyoming ni mwendo wa kutwa nzima, na ile pikapu hunywa usipime. Dada akataka iuzwe bunduki moja tu, wapate mafuta ya kwenda kumwona mtoto.

"Moja tu, Delmer. Kabati halifungiki kwa wingi wa bunduki."

"Niuze haki yangu?"

"Basi uza ile iliyoshika kutu."

"Hata kutu ni yangu!"

Dada akachukua sindano zake. Alifuma visoksi vya waridi, akaviweka juu ya televisheni ambako mumewe hangeweza kuvikwepa. Kesho yake akafuma jozi nyingine.

Sasa, kikosi chetu cha zimamoto ni cha watu wa kujitolea, na kila mwaka huchezesha bahati nasibu ili kipate pesa za mipira ya maji. Zawadi ya kwanza ni bunduki, tangu enzi za babu zetu. Safari hii Wade, mkuu wa kikosi, alipendekeza mkutanoni zawadi ya kwanza iwe petroli ya mwaka mzima. Delmer akaruka kutoka kitini.

"Bahati nasibu bila bunduki? Si tuuze keki tu kama akina mama wa kanisa!"

Alifoka mpaka watu wakachoka wakampigia kura. Petroli ikashushwa kuwa zawadi ya pili. Nilimwona dada yangu nyuma kabisa ukumbini akifumba macho. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini huu ulimchoma mkewe.

Siku yenyewe ukumbi wa kikosi, ambamo magari ya zimamoto huegeshwa, ulinukia chili, ule mchuzi mkali wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini. Petroli ikamwangukia Mwalimu Lorna Pruitt, aliyetufundisha sote kusoma, mwenye gari la umeme na kibao uani kwake: HAPA BUNDUKI HAIINGII. Bunduki ikamwangukia Delmer.

Watu walicheka mpaka wengine wakapaliwa na chili. Delmer peke yake hakucheka. Alisimama na bunduki yake mpya, akimtazama mkewe, aliyekuwa ametoa visoksi kwenye mkoba na kuviweka mapajani.

"Mwalimu," akasema kwa upole nisiouzoea, "hiyo petroli utaifanyia nini?"

"Nitanyunyizia maua. Lete bunduki, chukua petroli, tumalizane."

"Siwezi. Nimeapa. Si mmesoma stika yangu wote?"

"Basi kufa, Delmer."

Delmer akafikiri. Kisha, Mungu ni shahidi yangu, akavua kofia, akalala chali sakafuni baina ya magari mawili ya zimamoto, bunduki isiyo na risasi kifuani, macho kayafumba.

"Haya, nimekufa."

"Maiti haongei, shemeji," nikamkumbusha.

"Na awe amepoa," akasema Mwalimu. "Ndivyo stika inavyosema."

Dada yangu akaenda kwenye sanduku la soda, akarudi na barafu viganja vyote viwili, akambana nayo mikono, nadhani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Marehemu akatamka neno nisiloweza kuliandika. Wade akavua kofia, nasi tukavua. Mwalimu akainyanyua bunduki kwa vidole viwili, akamkabidhi Wade palepale iwe zawadi tena mwakani, na kibao chake kikabaki kusema kweli.

Boise nilikwenda nao, maana petroli ilikuwa ya bure na mimi si mjinga. Njia nzima Delmer alilaani bei ya kila kituo, ingawa hakuwa akilipa yeye. Tulipofika, Kristy akamwekea babake mtoto mikononi, kavaa visoksi vya waridi. Delmer hakuwa na maoni hata moja. Nilimpenda siku ile, na sitarudia kusema hivyo.

Dada alingoja, akangoja, mwishowe akanyoosha mikono.

"Zamu yangu, Delmer."

"Huyu," akanong'ona, "mtamtoa mikononi mwangu nikiwa maiti."

Dada yangu akageuka, akaelekea jikoni, tukamsikia akifungua friji na kugongagonga barafu.