Ng'ambo ya Hori

Kariakoo ya alfajiri inanuka vitunguu vilivyooza na maboksi yaliyolowa, na ndani ya harufu hizo kuna moshi wa mkaa wa watu wanaochemsha chai kabla hawajafungua mabanda. Mwaka niliokuwa darasa la tano niliizoea harufu hiyo kuliko uji wa nyumbani. Baba alikuwa ameamua kukimbia kila asubuhi, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniachia, alinikimbiza na mimi. Tuliishi Mtaa wa Narung'ombe, juu ya duka letu la ndoo na mabeseni, katika vyumba viwili ambavyo kutwa vilijaa kelele za wachuuzi na usiku vilikuwa kimya mno tangu mama alipoondoka. Aliondoka mvua za vuli zilipoanza. Alitaka kufungua duka lake mwenyewe la vitenge, baba akasema nyumba moja, duka moja. Maneno yalianzia hapo, yakafika mahali ambapo mtoto hatakiwi kusikia, na mimi nilisikia yote. Mama alitaka kunichukua. Baba alisimama mlangoni akasema, "Mtoto ni wa hapa." Mimi sikuulizwa. Kesho yake niliambiwa kwamba mama amekwenda kupumzika, na kwa namna baba alivyolitamka neno hilo nilijua nisiulize amepumzikia wapi.

Baba hakuwa mwanamichezo. Alikimbia kwa suruali ya kitambaa na shati lililochomekewa, na mara za kwanza mabaunsa wa magodauni walimpigia kelele, "Mzee, mwizi kapita wapi?" Kariakoo ya wakati huo mtu mzima hakukimbia bila sababu: ama kaibiwa, ama kaiba. Baba alikunja ndita, akaongeza mwendo, nami nyuma yake nikiona haya kwa niaba yetu wote wawili. Tulipita Mnazi Mmoja, tukakata mitaa ya Posta yenye maduka yaliyofungwa, kisha barabara ikateremka ghafla na maji yakawa mbele yetu. Kuanzia hapo hapakuwa na wa kutucheka. Tulifuata ukingo wa Kivukoni chini ya miti mikubwa, maji ya bandari yakiwa upande wetu wa kulia, yametulia kabisa kwa sababu nchi kavu imeyazunguka karibu pande zote. Tulipita soko la samaki, tukazunguka Magogoni ambako askari hawapendi mtu asimamesimame, tukatokea Ocean Road penye mivinje na mawimbi ya kweli. Huko ndiko kuliko na upepo na mandhari ya kupigia picha. Lakini baba hakupapenda. Aligusa mti wa kwanza wa mvinje, akageuka, akarudi haraka kwenye maji yaliyotulia.

Pale karibu na lango la pantoni, kivuko cha watu na magari, ndipo tulipopumzika. Bi Mwanaidi, mama wa Kizaramo aliyeuza chai na vitumbua, alitufahamu tangu zamani kwa sababu Jumamosi mama alinunua samaki hapo na kupiga naye soga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniwekea kitumbua kilichoungua kidogo pembeni kwa sababu alijua navipenda hivyo. Baba yeye alisimama na kikombe chake, amewapa watu mgongo, akitazama upande wa pili wa maji. Asubuhi moja Bi Mwanaidi alichoka kumtazama. "Mangi," akamwita, kwa jina ambalo watu wa Dar humpa kila Mchaga mwenye duka, "mkeo yupo hapo tu ng'ambo ya hori. Si uvuke ukamchukue? Kila siku unakuja kupoza chai yangu hapa!" Baba alimrudishia kikombe kikiwa nusu. "Njia aliyoendea anaijua," akasema, tukaanza kukimbia kurudi mjini.

Mimi siku hiyo nilikimbia kwa furaha. Hatimaye nilikuwa nimejua mama alipo. Kwetu neno hori lilikuwa na maana moja tu: lile gogo lililochongwa ndani ambalo ng'ombe hulia majani. Mtoto Yesu alilazwa katika hori, tuliimba hivyo kanisani kila Desemba. Na kule kijijini kwetu Kibosho, bibi mzaa mama alikuwa na ng'ombe asiyetoka nje, analishwa ndani kama ilivyo desturi ya mlimani. Hori lake lilikuwa ukutani kabisa, na nyuma ya ukuta huo, ng'ambo yake, ndipo palipokuwa na kitanda ambacho mama alilala enzi za usichana wake. Neno hilo moja liliyafunika mengine yote, "hapo tu" na "uvuke" nisiyajali. Mama alikuwa Kibosho, amelala kwenye kitanda chake cha zamani, anasikia ng'ombe akitafuna. Nilimwonea wivu ng'ombe huyo. Sikumwambia mtu yeyote nilichokijua. Baba aliposimama kutazama maji, nilidhani anapumzika tu.

Desemba ilipofika, majirani zetu walianza kufunga maduka na kupakia mabegi, kama Wachaga wote wanavyofanya. Mtaa ukapungua watu siku hadi siku. Baba alichelewa sana kuamua, nikawa naomba kimoyomoyo kila nikimwona akishika funguo. Mwishowe akasema tunaenda. Ndani ya basi sikulala. Nilijipangia nitakachomwambia mama: kwamba siku hizi nakimbia mpaka Ocean Road bila kusimama, kwamba baba anapika ugali unaonata, kwamba arudi. Tulipofika kwa babu mzaa baba, nilisalimia wakubwa harakaharaka, nikakata shamba la migomba nikiwa bado na nguo za safari, nikafika kwa bibi. Niliingia moja kwa moja kwa ng'ombe. Alikuwepo, anatafuna. Kitanda nyuma ya ukuta kilikuwa kimetandikwa magunia ya mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu Manka! Umekua!" Alinishika mashavu, akachungulia nyuma yangu kwenye migomba. "Na mama yako? Mwaka huu amebaki na duka?"

Nilimtazama usoni nikaona kwamba hajui lolote. "Ndiyo, bibi," nikasema. "Amebaki na duka." Bibi akasema biashara za Krismasi ndivyo zilivyo, akaniingiza jikoni kunipa maziwa, na mimi nikanywa yote. Sikukuu ile kila mtu alinipa nyama na kila mtu aliniuliza habari za mama, nikawajibu wote vilevile. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa katika nyumba ile iliyojaa ndugu. Usiku nilijiuliza kama mama amekufa na watu wazima wanafichana.

Tuliporudi Dar, asubuhi ya kwanza ya kukimbia nilimsogelea Bi Mwanaidi baba akiwa amesimama mbali kidogo. "Bibi ulinidanganya," nikamwambia. "Mama hayuko horini. Nimekwenda mpaka kwa ng'ombe."

"Ng'ombe gani tena?" Alinitazama kama mtu aliyeongeleshwa Kichina. Nilipomweleza, aliacha kugeuza vitumbua. Hakucheka, na hilo nimemshukuru maisha yangu yote. "Mwanangu," akasema polepole, "watu wa pwani hori tunaita maji haya. Maji ya bahari yakiingia ndani ya nchi kavu hivi, hilo ni hori. Na ng'ambo yake ni pale." Alinyoosha kijiko. Ilikuwa Kigamboni. Niliona nyumba, niliona watu wakishuka kuelekea pantoni, niliona hata rangi za kanga zao. Mama alikuwa amepanga chumba huko kwa rafiki yake, na asubuhi zote zile nilikuwa nimekula vitumbua nikiwa nimetazamana naye. Ndipo nikaelewa pia kwa nini baba alikimbilia huku, na kwa nini hakuyapenda mawimbi ya Ocean Road.

Nilimwendea nikamvuta shati. "Nataka kuvuka." Baba hakushangaa wala hakugomba. Alininunulia tiketi, akamwomba Bi Mwanaidi anivushe, akanisukuma begani taratibu. Yeye alibaki. Pantoni ilipoondoka niliendelea kumwona akiwa na shati lake lililochomekewa, kisha nikageuka mbele na mama alikuwa anakuja mbio kwenye mteremko, maana Bi Mwanaidi alikuwa ametanguliza salamu kwa abiria wa safari iliyotutangulia. Alinikumbatia mpaka nikaumia. Kisha akaangalia juu ya kichwa changu, kule nilikotoka, akauliza, "Amekuja?" Nikasema amebaki. Akasema, "Haya."

Baada ya hapo mambo yakatulia kwa namna yake. Siku za shule nilikuwa Kariakoo, Jumamosi nilivuka. Baba alinisindikiza mpaka lango la upande wake, mama alinipokea kwenye lango la upande wake, na kila mmoja aliniuliza hali ya mwenzake kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua. Nilikua hivyo. Nilipokuwa msichana niliwachukia kidogo kwa jambo hilo, na sitasema nimekwisha kuacha kabisa.

Siku hizi naishi Magomeni, na asubuhi za Jumapili napanda basi la mwendokasi mpaka Kivukoni nikimbie njia ileile. Sasa imejaa watu. Wanakuja kwa vikundi vyenye fulana za rangi moja, wana muziki, wana viatu vinavyowaka, wanapiga picha maji yakiwa nyuma yao, na hakuna anayeuliza mwizi kapita wapi. Wakinipita huniambia, "Twende dada, usibaki nyuma!" Nacheka, naitikia poa, lakini siungani nao. Huko Kurasini limejengwa daraja, mtu anaweza kwenda Kigamboni kwa gari bila hata kuona pantoni. Mama bado yuko kule, ana duka lake la vitenge na limemkubali. Baba nakaa naye mimi. Magoti yamemkatalia, na asubuhi hukaa barazani amechomekea shati kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mwezi uliopita mama aliniuliza kama baba bado anakimbia. Nikamwambia hapana, hata kutembea anatembea kwa shida. Alikunja kitenge alichokwisha kukikunja. "Nilikuwa nakuoneni," akasema. "Kila asubuhi, kabla hujajua. Nilisema akivuka tu, narudi naye hata bila kuchukua nguo." Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nikakaa nayo mpaka jioni, kisha nikamwambia baba yote kama yalivyo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nikamwambia gari lipo, daraja lipo, hata kesho nampeleka.

"Mama Manka aliniona?" akauliza.

"Alikuona, baba."

Alipangusa magoti yake kwa viganja. "Sasa hivi nikivuka," akasema, "nikaseme nini?"

Mimi niliyebeba maneno yao maisha yangu yote nilivuta kiti, nikakaa kando yake.