Ndege Aliyegeuza Kichwa

Kopo la mafuta ya kula likiwekwa juu ya makaa, harufu zake huja kwa zamu. Kwanza yanachemka mafuta yaliyobaki pembeni, unadhani mtu anakaanga maandazi. Kisha inaungua rangi ya maandishi, kali, ya kukohoza. Mwisho kabisa linanukia bati lenyewe, na harufu hiyo sijaipatia jina mpaka leo. Mimi ni fundi wa sanaa za chuma, nina ukumbi wangu wa sanaa hapa Mwanza, na wageni hupenda kunitazama nikifanya kazi. Hawajui kwamba kila nikichoma kopo narudi kijijini kwetu Murukulazo, nina miaka kumi na mmoja, na aibu yangu inanipokea mlangoni. Leo nitaisimulia yote, hata pale ninapojichukia.

Miaka ile ya wakimbizi, Ngara yetu ilifurika watu. Kambi ilianzia ng'ambo ya migomba yetu, mahema ya bluu mpaka kilima kinapoishia. Kuni ziliadimika, mama akalalamika kila asubuhi, na jioni yeye huyohuyo akapeleka mtungi wa togwa kwa watu asiowajua. Kila ukuta na kila mti ulibandikwa karatasi: fulani anamtafuta fulani. Mzee Siliveri hakubandika kitu. Hakujua kusoma wala kuandika. Yeye alikuwa fundi bati.

Alikaa pale njia yetu inapokutana na barabara ya kambi, juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, mbele yake kipande cha springi ya lori alichogongea. Alitengeneza koroboi kwa makopo ya mafuta ya msaada. Koroboi za watu wengine zilikuwa koroboi tu. Ya kwake, nyuma ya utambi alisimamisha kipande cha bati ukubwa wa kiganja, na katika bati hilo alikata tundu la umbo la umusambi, yule ndege mwenye taji anayetembea kwa maringo mabondeni kwetu. Ukiwasha, mwanga unapenya, na ndege wa mwanga anasimama ukutani. Tatizo ni kwamba ndege huyo aligeuza kichwa, akawa anatazama mkia wake. Mimi niliamini mzee alikosea siku ya kwanza, akaona haya kurekebisha.

Nawaambia sasa nilichokuja kukijua nikiwa mtu mzima. Mzee Siliveri alipotezana na binti yake, Verediana, katika msongamano wa kuvuka daraja la mpakani. Binti huyo alipokuwa mdogo, babake alimtengenezea umusambi wa bati wa kuchezea, ndama akamkanyaga ndege huyo, shingo ikapinda. Baba alipotaka kuinyoosha mtoto akalia: mwache, anaangalia kama mama anakuja. Basi ndege huyo ndiye aliyekuwa karatasi yake. Wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi, lakini koroboi ziliruhusiwa. Mama yangu alizibeba pamoja na maharage yake, gulio hadi gulio.

Siri ya kichwa hicho aliijua mama peke yake. Kabla ya hapo mzee alikuwa akimweleza kila mtu kambini kwamba anamtafuta binti, na watu wakaanza kumletea habari za uongo, binti yako nimemwona mahali fulani, nipe unga nikupeleke. Alilishwa uongo mpaka akachoka. Ndipo akamwambia mama: "Atakayeuliza habari ya kichwa, ndiye." Mama hakuniambia. Alisema mtoto hamezi neno, na kwa kweli sikuwa mtoto wa kuaminiwa siri.

Kila tuliporudi gulioni mzee alisimama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nani ameuriza ndege?"

Aliweka r palipotaka l, nasi tulimcheka kisirisiri kana kwamba hatukuchapwa shuleni kwa kosa hilohilo. Hakuuliza zimeuzwa ngapi. Aliuliza nani ameulizia ndege, basi. Tukishampa kisogo nilimwambia mama, "Jamani, huyu mzee anapenda sifa!" Mama akasema, "Nyamaza, Devota." Kumbe aliyependa sifa nilikuwa mimi.

Nikitoka shule nilikwenda kukaa karibu naye. Alinifundisha kuchoma kopo ili rangi itoke, kulipasua pale lilipounganishwa, kukunja ukingo mara mbili usije ukamkata mtoto wa mtu. Mkasi wake wa bati ulikuwa mzito, ilibidi niushike kwa mikono miwili. Nilimwomba aniachie nikate ndege. Akanipa vifuniko nikate duara. Nikaomba tena, akanipa vifuniko vingine. Nilimsumbua majuma na majuma, mpaka Jumamosi moja akacheka akasema, "Haya, kata, usinimalizie masikio."

Nikakata. Mguu ukatoka mfupi, taji likawa kama kitana kilichong'oka meno, na kidole gumba changu kikachanika vizuri tu. Nilipofika kichwani nikaelekeza mkasi mbele, maana nilitaka ndege wangu awe na akili. Mzee akanikamata mkono. Hakuwahi kunishika kwa nguvu kabla ya hapo wala baada ya hapo.

"Kichwa kinageuka," alisema. Nikakigeuza kwa kununa.

Likizo ile tulikwenda Nyabusozi, kule Biharamulo, kumtembelea mama mdogo aliyekuwa amejifungua. Tulipanda lori la mihogo, koroboi zimeviringishwa katika kitenge, na yangu nimeipakata mwenyewe. Siku ya gulio mama akatandika mkeka, akapanga biashara. Hatukukaa sana mtoto wa mama mdogo akapata homa, mama akawasindikiza zahanati. Akaniachia mkeka na neno moja: "Mtu akikuuliza jambo lolote usilolijua, mwambie asubiri, mimi narudi."

Alikuja mwanamke amebeba jembe begani, tope mpaka magotini, mmoja wa wale wakimbizi waliojificha vijijini wakilimia watu vibarua. Alipita, akarudi. Akachuchumaa. Akaishika koroboi moja, akaiweka, akashika nyingine, akaiweka. Akashika yangu.

"Nani ametengeneza?" aliuliza kwa lugha yao, ambayo na Kihangaza chetu ni ndugu wa tumbo moja.

"Mimi," nilisema. Hapo sikuwa nimedanganya. Ile ilikuwa yangu.

"Na hizi nyingine?"

Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu. "Zote mimi," nikasema. Nikamwonyesha kidole gumba chenye kovu bichi, ushahidi huo.

Akakiangalia kidole muda mrefu kuliko kilivyostahili.

"Na kichwa? Kwa nini umekigeuza?"

"Nimependa tu hivyo."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nimejua mwenyewe."

Akairudisha koroboi yangu mkekani, akaipangusa kwa ncha ya khanga pale alipoishika, kana kwamba ameichafua. "Una mkono mzuri, mtoto," alisema. Akanyanyua jembe, akaelekea njia ya Kaniha. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi siku nzima.

Mama aliporudi aliuliza, "Kuna aliyeuliza?" Nikasema hakuna. Nilijua nikimtaja yule mwanamke nitataja na jibu langu, na mama alichukia mtu kujivika kazi ya mwenzake. Tuliporudi Murukulazo mzee akasimama. Naye nikamwambia hakuna. Uongo wa kwanza ulikuwa wa majivuno, wa pili na wa tatu ulikuwa wa kuulinda ule wa kwanza.

Muda si mrefu wakimbizi wakaambiwa warudi kwao. Barabara ilijaa magodoro, masufuria na watoto migongoni, siku baada ya siku. Mzee Siliveri akachepuka kutoka kwenye msururu, akaja mpaka uani kwetu. Mkasi wa bati alikuwa ameufunga kwenye kitambaa, akaniwekea mikononi. Nilifikiri ataniusia. Aliuliza tu, "Nani ameuriza?"

"Hakuna, babu."

"Basi," alisema, akarudi kwenye msururu. Nilisimama na mkasi wangu mpya, furaha tele, sikuangalia hata alipopotelea.

Mkasi ule ndio ulionilea. Nilikata makopo, kisha mapipa, kisha boneti za magari, na ndege yule akawa alama yangu. Watu walinisifia ubunifu wa kichwa kilichogeuka, wakanivika kilemba cha ukoka, nami nikakivaa nikatembea nacho. Siku nilipofungua ukumbi nilimleta mama kutoka kijijini. Alisimama mbele ya umusambi mkubwa kuliko mtu, jina langu limegongwa miguuni pake. Akajifuta macho.

"Masikini Siliveri," alisema. "Sijui kama yule binti yake alitokea akauliza kichwa."

"Binti gani, mama?"

Akanieleza. Nilikaa sakafuni na gauni langu jipya, mbele ya wageni, nikalia kama mtoto. Wageni walidhani ni furaha.

Nimekwenda Nyabusozi. Nimekwenda Kaniha, nyumba kwa nyumba. Nimevuka daraja, nikauliza, nikaambiwa akina Siliveri ni wengi, wa kilima gani? Kilima sikijui, sikuwahi kumuuliza. Huenda yule mwanamke hakuwa Verediana, alipenda ndege tu kama watu wengine. Hiyo ndiyo faraja ninayojipa, na haijawahi kunishibisha.

Jina langu nimelisugua miguuni pa ndege wote niliobaki nao, nikaandika la Mzee Siliveri, kwa msumari, herufi kubwa. Koroboi yangu ya kwanza, ile yenye taji la kitana, iko kwenye meza ya mlangoni na haiuzwi. Wageni huishika. Huniuliza kama inashika kutu, kama ninaweza kutengeneza kubwa zaidi, kama ninayo yenye twiga. Nawajibu. Jibu la swali lile jingine nalo ninalo, nimelirudia peke yangu mara nyingi mpaka halinikwami tena: ametengeneza babako, alikutafuta, nami nilikuona nikakupoteza. Miaka yote hii, hakuna mwingine aliyeniuliza habari ya kichwa.