Vipimo Elfu Tatu na Shingo ya Dada

Mke wangu hajui kukaa. Tumeishi pamoja miaka kumi na mmoja na bado sijamwona akimaliza kikombe cha chai kikiwa cha moto. Anakaa, anasimama, anafungua dirisha, analifunga, ananiuliza kama nimesikia mtu mlangoni. Sijasikia mtu. Mimi ni fundi cherehani, chumba cha mbele ndiyo karakana yangu, na mtu anayepitapita nyuma yangu nikiwa natunga uzi kwenye sindano ananitia wazimu. Nimemwambia mara mia. Anasema "samahani", halafu anapita tena.

Yeye ni mtakwimu katika kituo cha utafiti wa magonjwa. Jirani yetu, kila akimwona, humuuliza ni watu wangapi wamelazwa leo. Mke wangu hajui, na wala kuhesabu waliolazwa si kazi yake.

Mwaka mmoja pale kituoni walikuwa na wagonjwa thelathini na watano, wote wenye uvimbe shingoni. Kumi na wanane uvimbe wao ulikuja kuwa mbaya, kumi na saba ukatulia. Kila mmoja alitolewa damu, na katika damu hiyo wakapima vitu elfu tatu. Elfu tatu! Mimi nikimshonea mtu suti nachukua vipimo kumi na viwili na bado naharibu mkono. Walitaka kujua kama wastani wa kundi hili unatofautiana kweli na wastani wa kundi lile, au ni bahati tu. Kama unatofautiana, huko mbele mtu angepimwa damu na kujua mapema kama apasuliwe au aachwe.

"Chuoni tulifundishwa njia nzuri ya kulinganisha makundi mawili," alinieleza. "Lakini inataka watu wawe wengi kuliko vipimo. Hapa vipimo elfu tatu, watu hata arobaini hawafiki. Ukiilazimisha inagoma."

Basi akafanya jambo ambalo, anasema, wengi wa kazi yake wameshalifanya. Alitafuta vipimo ishirini ambavyo makundi yale yalipishana zaidi, akavitupa vingine vyote, akaipa ile njia ya chuoni hivyo ishirini tu. Ikakubali. Ikasema tofauti ni kubwa mno. Kituoni wakapeana mikono, na mkuu wake akaanza kuandika ripoti.

Mambo yangeishia kwenye makaratasi kama si Dada.

Dada ndiye aliyenitangulia kuzaliwa. Ni mwalimu wa darasa la nne, na kwake kila kitu ni vyema au kosa, hakuna katikati. Alikuwa na uvimbe upande wa kushoto wa shingo na tarehe ya upasuaji alishapewa. Alikuwa anaogopa sana, kwa sababu daktari alimwambia sauti inaweza kubadilika, na mwalimu wa watoto hamsini bila sauti atafanya nini? Mke wangu akashindwa kuvumilia. Akaomba damu ya wifi yake ipitishwe kwenye mashine ileile ya wale wagonjwa, akailinganisha na vile vipimo ishirini, akaja mbio hata viatu hajavua.

"Wifi, umeangukia upande wa waliotulia!"

Dada alilia, akacheka, akambeba mke wangu juujuu. Kesho yake akafuta tarehe ya upasuaji. Wiki ileile aliniletea kitambaa cha buluu nimshonee gauni la siku ya kufunga shule, la kola ya kufunga na kifungo. Nikampima, nikaandika kwenye daftari langu: shingo, inchi kumi na tatu na nusu. Nilimwahidi wiki mbili. Dada anajua mafundi, akahesabu miezi miwili.

Mwezi haujaisha, mke wangu akaanza kunichosha kuliko kawaida. Anaamka, anazunguka meza, anaandika kitu kwenye kiganja, anakifuta. Jumamosi moja asubuhi alikuja akachukua mkasi wangu, mkasi wa kitambaa, akakata nao karatasi! Nilipiga kelele. Hakunisikia. Alikata vipande thelathini na vitano, kila kimoja kikawa na namba ya mgonjwa, akavimimina kwenye kopo la vifungo.

"Chagua kumi na nane," akasema. "Usiangalie."

Nikachagua. Akaandika namba nilizotoa kwenye kompyuta yake, akasema hao sasa tuwaite kundi la wabaya, waliobaki tuwaite waliotulia. Kisha akatafuta vipimo ishirini vinavyopishana zaidi kati ya makundi hayo ya kopo, na hivyo akavipeleka kwenye njia ya chuoni. Jibu likaja: tofauti ni kubwa mno.

"Tofauti gani?" nikamuuliza. "Hao si nimewatoa mimi kwa mkono?"

"Rudisha, koroga, chagua tena."

Tulifanya mara sita. Mara zote sita tofauti ilikuwa kubwa mno. Mimi sikusoma sana, lakini hilo nililielewa mara moja. Ukiwa na vipimo elfu tatu, hata watu uliowagawa kwa kufumba macho watapishana mahali fulani. Ukienda kuokota palepale walipopishana, halafu ukauliza kama wanapishana, utajibiwa nini? Ni kama mimi nichague wateja wafupi tu, halafu nitangaze kwamba mji mzima ni wafupi.

Jumatatu alifanya inavyotakiwa. Alichukua vipimo vyote elfu tatu bila kuchagua. Kwanza akajumlisha mapishano yote, madogo kwa makubwa, kwa sababu tofauti inaweza kuwa imetapakaa kidogo kidogo kila mahali. Kisha akaangalia pishano moja tu, lile kubwa kuliko yote, kwa sababu inaweza pia kuwa imejibanza sehemu moja. Kila njia akaipima na makundi elfu moja ya bahati nasibu, safari hii kompyuta ndiyo ikikoroga kopo. Katika hayo elfu, zaidi ya mia tatu yalipishana sawa na wagonjwa wa kweli au kuwazidi.

"Kwa hiyo hakuna tofauti?" nikauliza.

"Sijasema hakuna. Nasema siwezi kujua. Watu ni wachache." Alisimama, akakaa, akasimama. "Nimemwambia mkuu asimamishe ripoti. Hataki kuniona. Sasa nimwambie Dada."

Nilimwomba asubiri. Naona aibu kusema, lakini niliogopa ulimi wa dada yangu kuliko uvimbe wake. Mke wangu akachukua mkoba akaenda. Nikafunga karakana, nikamfuata.

Dada alikuwa anasahihisha madaftari. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuweka kalamu chini.

"Wifi, mimi nauliza swali moja. Niko upande wa waliotulia, ndiyo au hapana?"

"Sijui, wifi. Nilikosea."

"Mwezi uliopita ulijua."

"Mwezi uliopita nilidhani najua. Nakuomba urudi kwa daktari."

"Mwanafunzi akinijibu hivyo nampa sifuri," Dada akasema. "Siendi kukatwa koo kwa sababu wewe leo umeamka hujui. Nendeni, nina kazi."

Wiki tatu hakupokea simu zetu. Mke wangu alikonda. Alikuwa akipita nyuma yangu hata sisemi kitu, na siku alipoacha kupita nilienda kumtafuta jikoni. Mimi nikajifungia na lile gauni la buluu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamaliza kazi kabla ya siku aliyoihesabu mteja. Nikamtumia ujumbe: gauni tayari.

Gauni hakuweza kuliacha. Alikuja mchana, akamsalimia mke wangu kwa shida, akaingia nyuma ya pazia kujaribu. Alipotoka, kila kitu kilikaa mahali pake isipokuwa kola. Kifungo hakikufika kwenye tundu.

"Umekosea," akasema. "Dada yako mwenyewe, unamkosea shingo?"

Nikakasirika, maana nilijua sijakosea. Nikafungua daftari nikamwonyesha: kumi na tatu na nusu. Nikapima kola: kumi na nne kamili, kwa sababu huwa naacha nusu inchi ya kupumulia. Kisha nikamzungushia futi yangu ya kupimia shingoni. Kumi na nne na robo. Nikailegeza, nikapima tena. Kumi na nne na robo. Nikapima mara nyingine, ikawa ileile.

Mke wangu alikuwa mlangoni, ametulia kabisa. Hakuniuliza imetoka inchi ngapi.

"Umepima mara ngapi?"

"Tatu."

Dada alitutazama kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine. Nilidhani atalia. Alifungua mkoba, akatoa simu, akatafuta namba ya hospitali, akaiweka sikioni. Wakati inaita alirudi nyuma ya pazia, akavua lile gauni taratibu, akatoka akanikabidhi.

"Kola usiipanue," akaniambia, kwa sauti yake ileile ya darasani. "Nikirudi itafunga."