Mume wa Tichaa

Revelian alikuwa na methali moja aliyoipenda kuliko zote, nayo ni ya mabaharia: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Aliisema misibani, aliisema kwenye vikao vya harusi, na tangu astaafu ukarani wa mahakama aliisema hata akiwa anakoroga chai. Kwake yeye ilikuwa na maana moja tu: kurudi Kamachumu, kijijini kwao. Ukimuuliza tezi ni nini na omo iko wapi, angekukazia macho kana kwamba umemuuliza umri wa mama yake. Katika miaka thelathini na moja ya kukaa Dar es Salaam, chombo cha majini alichowahi kukipanda ni pantoni la Kigamboni tu, na humo alishika nguzo kwa mikono miwili.

Ndiyo maana mkewe, Kokushubila, alishangaa Jumapili moja baada ya ibada alipomsikia akisema, "Koku, kabla hatujaondoka twende tukatembee na boti. Kule nyumbani wakituuliza bahari ya Dar ikoje, tutawajibu nini?"

Kabla hatujaondoka. Maneno hayo yalimchoma Kokushubila kama mwiba wa sato. Jumamosi ya wiki ile fuso la Nikodemu, msafirishaji wa mizigo aliyekwisha kuja kuviona vitu, lingekuja Mbagala Kuu kubeba vitu vyao vyote kwenda Kamachumu, kwenye kibanja, yaani shamba alilorithi Revelian kwa baba yake, kwenye nyumba mpya ya vyumba vinne katikati ya migomba. Watoto wao wawili, Benson na dada yake, walikwisha kujitegemea huko Dodoma. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa yeye. Hakutaka kwenda. Alilijua hilo tangu Juni, siku ile alipokabidhi ufunguo wa darasa la kwanza na kustaafu, na sasa Novemba ilikuwa inakatika hajamwambia mumewe. Mwanamke aliyewafundisha watoto wa watu kusoma kwa miaka yote hiyo, neno moja la kwake mwenyewe lilikuwa limemshinda kulitamka.

Basi akaikubali boti. Majini, alijiambia, hakuna jirani wa kubisha hodi katikati ya mazungumzo, wala mtu hawezi kuvaa viatu akaondoka zake.

Jumatano saa moja na nusu asubuhi walikuwa Mtoni Kijichi, Revelian amevaa koti la suti kama anakwenda kusikiliza hukumu. Maji yalikuwa yamejaa pomoni, yametulia, yanagusa mizizi ya juu kabisa ya mikoko. Mwenye boti, mtu mzima mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, aliwaona wanakuja, akatupa sigara, akainama.

"Shikamoo, tichaa."

Kokushubila akamtazama mara moja tu. "Marahaba. Badru Nassibu. Ulikuwa unakaa dirishani, unakula chaki."

"Niliachaga, tichaa," Badru akasema, akicheka huku anatazama chini. "Nina watoto watatu sasa." Kisha akamgeukia Revelian na kumpa mkono wa kupandia. "Karibu, mume wa tichaa. Kanyaga hapo katikati."

Walishuka kwanza upande wa bandari. Asubuhi ilikuwa bado laini, na mashine ya boti ilinguruma polepole kama mtu anayesimulia jambo asilokuwa na haraka nalo. Walipita chini ya daraja la Kigamboni. Magari huko juu yalikimbia bila sauti, na Kokushubila aliwaza kwamba kila aliyekuwa mle alikuwa anachelewa mahali fulani, ila yeye tu. Wakaziona meli kubwa, ubavu wa moja tu ukitosha kuziba jua. Revelian alizisoma namba zake kwa sauti. Badru akamwonyesha: nyuma pale penye mashine ndiyo tezi, mbele ndiyo omo, na maji machafu yanakojikusanya chini ya mbao ndiko ngamani.

"Huku?" Revelian akauliza, akichungulia kwenye maji yenye magamba ya samaki.

"Hukohuko, mzee. Uende mbele, uende nyuma, mwisho utateremka ngamani tu."

Revelian aliinua viatu vyake, akavifuta magamba.

Wakageuza, wakaupanda mto Mzinga kuelekea Kongowe. Huko ndiko usingizi wa mchana ulikojificha siku zote, na wao hawakujua. Mikoko ilisogea pande zote mbili, maji yakawa ya kijani, mdiria, yule ndege mvuvi, akapita chini chini akiwa na kazi yake. Nyumba za Mbagala zilikuwa nyuma tu ya miti ile, na muziki wa singeli ulisikika kwa mbali, umepungua makali, umekuwa kama kitu kinachopigwa katika ndoto ya mtu mwingine. Kokushubila aliutia mkono majini akauacha huko. Angeweza kukaa hivyo mpaka kiama. Lakini alikuwa na neno la kusema, akalitafutia mahali.

Palikuwa na kijito kinachoingia kushoto, chembamba, chenye kivuli kizuri. "Tuingie humo," akasema. "Tule."

Badru aliwaingiza, akafunga kamba kwenye mkoko. Kokushubila akafungua hotipoti la ndizi, na Revelian akatoa kopo la senene, panzi wa kukaanga waliotumwa na dada yake kutoka Kamachumu wiki ile kwa basi. Wakala. Bibi yake Kokushubila alikamata senene maisha yake yote bila kuwaonja, maana walikuwa chakula cha wanaume. Mjukuu wake sasa aliwatafuna mmoja mmoja, taratibu, akiwa amenyoosha miguu. Badru alionja mmoja, akasema wana ladha ya dagaa aliyesoma.

Baada ya muda Badru akaanza kuyatazama maji. "Tichaa, bora tuondoke. Maji yanatoka haya."

Kokushubila alikuwa amekwisha kufungua kinywa amwambie mumewe, na kukatizwa kulimkera. Isitoshe yeye ni mzaliwa wa ziwani, si wa baharini. Ziwa unaliacha jioni, asubuhi unalikuta palepale. "Yatoke yaende wapi? Badru, kaa chini."

Alilisema kwa sauti ileile ya darasani. Na Badru, baba wa watoto watatu, aliyezaliwa akiwa anajua kupwa na kujaa kama anavyojua jina lake, akakaa chini.

Mkubwa hakosei, hukosewa. Lakini tope halijui mkubwa. Kokushubila alizunguka mbuyu na maneno yake: akaulizia migomba, akaulizia paa la nyumba mpya, akaulizia afya ya shemeji. Alipokuja kuinua macho, boti ilikuwa imelala ubavu kidogo na kijito hakikuwepo. Lilikuwa limebaki tope jeusi linalong'aa, na kaa wadogo wekundu wakitoka mashimoni kwa maelfu kama watoto wakati wa mapumziko.

Badru alijaribu kuisukuma boti kwa upondo, ule mti mrefu, ukazama mpaka mkononi. "Maji yakijaa hupwa," akasema, kwa adabu, bila kumlaumu mtu. "Mpaka saa kumi ndiyo yarudi." Akaenda omo, akajifunika kofia usoni, akalala.

Ikawa saa tano, ikawa saa sita. Joto likatulia juu yao. Yangeyange walitembea topeni kwa miguu mirefu, wakichagua pa kukanyaga. Revelian alivua koti, akavua viatu, akavua na soksi, akazitandika ukingoni. Alikuwa anatazama pale maji yalipokuwa, na uso wake ulikuwa na furaha ya kitoto ambayo Kokushubila hakuwa ameiona tangu Benson azaliwe.

"Miaka thelathini na moja," Revelian akasema. "Hiki kitu kinatokea kila siku nyuma ya nyumba yetu."

"Baba Benson," akasema Kokushubila, "sirudi Kamachumu."

Basi. Lilikuwa limetoka. Kaa wote walirudi mashimoni kwa mpigo mmoja, labda kwa kivuli cha ndege, na halafu wakatoka tena.

Revelian hakugeuka. Kwa hiyo Kokushubila aliendelea. Alimwambia kwamba kule atapiga magoti kusalimia watu aliowazidi umri, kwenye ardhi ya ukoo usio wake, atapeleka kahawa ya kutafuna kwa wageni asiowajua, na mpaka anakufa ataitwa mke wa Revelian. Hapa akitoka kwenda sokoni, bodaboda wanasimama. Muuza nyanya alifundishwa naye. Fundi bomba alifundishwa naye. Hata huyu anayekoroma hapa, yeye ndiye aliyemshika mkono akaandika jina lake. "Hapa mimi ni mtu," akasema. "Kule nitakuwa mke wa mtu. Sitaweza. Nisamehe."

Revelian alichukua senene mmoja koponi, akamshika tu mkononi.

"Fundi bomba yule," akasema hatimaye, "unajua ananiitaje?"

Kokushubila akalifunika hotipoti.

"Mume wa tichaa. Na muuza nyanya vilevile. Na mwenyekiti wa mtaa, kwenye barua, kwa maandishi. Nimekaa Mbagala miaka thelathini na moja, Koku. Nikifa kesho, watakuja watu wengi sana kukuzikia mume. Anayejua jina langu pale hayupo." Hakusema kwa hasira, alisema kama anayesoma mwenendo wa kesi. "Sikuwahi kulalamika. Nilijua nina kwetu."

Kokushubila alijaribu kumkumbuka mtu mmoja tu, jirani, muumini mwenzao, mwenye duka, aliyewahi kumwita mumewe kwa jina. Alipekua mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Hakumpata. Aibu ikampanda taratibu, nzito, kutoka miguuni. Alikuwa amejua kila mtoto anakaa dawati gani, na hakujua mumewe alikaa wapi.

"Basi nitakuja," akasema. Alimaanisha. "Tutakwenda wote. Nimesema vibaya."

"Umesema vizuri."

"Baba Benson, nitakuja."

"Hapana." Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Hicho kitu cha kuitwa wa mtu, mmoja wetu amekwisha kukijua. Hakuna haja tukijue wote wawili."

Kokushubila aliweka kichwa begani pa mumewe, jambo wasilolifanyaga mbele za watu, na Badru hakuwa mtu kwa wakati ule kwa kuwa alikuwa amelala. Labda nao walilala. Kilichomwamsha Kokushubila ni ubaridi kwenye vidole vya mkono ulioning'inia nje ya boti: utepe wa maji ulikuwa unaingia kijitoni bila sauti, unaviziba vishimo kimoja kimoja, unabeba jani, unalisogeza, unaliacha, unarudi kulichukua. Boti ilijiinua upande mmoja, ikafikiri kidogo, ikakaa sawa.

Badru aliamka, akafungua kamba, akawasha mashine. Walikuwa wanatokea kwenye mto mpana, jua liko nyuma ya mikoko ya Mbagala, simu ya Revelian ilipoita. Alikuwa Nikodemu, anataka kuthibitisha safari ya Jumamosi, na sauti yake ilisikika boti nzima: fuso liwe kubwa au dogo?

Revelian alimtazama mkewe. Kokushubila alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kitenge.

"Dogo," Revelian akasema. "Utabeba vya mtu mmoja. Na kitanda usikiguse, kinabaki." Nikodemu aliuliza kwa nini kibaki, wakati ndicho kitu kizuri kuliko vyote mle ndani. Revelian alisogeza simu kutoka sikio moja kwenda jingine.

"Sasa nikija huku," akamwambia, "nitalala wapi?"