Viraka Hapana

Shangazi yangu aliingia kwenye kazi ya mtandao kwa kufuata waya. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpokea simu wa hospitali, akiwaunganisha madaktari na wodi. Kompyuta zilipoletwa, mafundi wa kampuni walitandaza nyaya kwa siku nne, wakaondoka bila kuacha mchoro. Shangazi akachukua daftari, akaanza kufuata waya mmoja mmoja, kutoka dirishani hadi darini, kutoka darini hadi maabara, akiandika kila mmoja unapoingia na unapotokea. Mtandao ulipokatika kwa mara ya kwanza, yeye peke yake ndiye aliyejua pa kugusa. Akasomea kozi tatu, akafanya mitihani akiwa na miaka arobaini na mmoja, akapewa cheo na chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mashuka. Rafu zake bado zina vibandiko: vitanda vya wakubwa, vitanda vya watoto, foronya. Ukuta wa mbao unamtenga na fundi cherehani wa hospitali, mwanamke mnene mwenye maneno mengi ambaye kila mtu humwita Mama Mashuka. Cherehani ikinguruma upande huu, seva inanguruma upande ule, na wenye mashine hizo huongea kupitia mbao bila kuonana.

Seva hiyo ndiyo kiini cha habari hii, kwa hiyo niieleze. Hospitali ina njia moja tu ya mtandao, nyembamba, na kompyuta mia moja na ishirini zinazoigombania. Kati ya kompyuta hizo na dunia ya nje imesimama mashine moja. Daktari akihitaji ukurasa, mashine huenda kuuleta na kubaki na nakala yake. Daktari wa pili akiuhitaji ukurasa uleule, hupewa nakala iliyopo. Shangazi husema ni kama mtu mmoja anayetumwa dukani kwa niaba ya nyumba nzima, akirudi na akiba kwa atakayeomba kitu kilekile baadaye. Hata hivyo mtandao haukosi kusuasua, watu hupiga simu kulalamika, naye huwajibu neno moja: subiri. Ndipo wakambandika jina la Bi Subiri.

Jumatatu moja asubuhi, walioandika programu ya seva hiyo walitoa taarifa kwa watumiaji wote. Walikuwa wamegundua tundu. Mtu akituma ombi lililopindwa kwa namna fulani, seva huchanganyikiwa, ikampa nakala iliyowekwa kwa ajili ya mtu mwingine. Marekebisho yalikuwa tayari. Shangazi aliisoma taarifa hiyo mara tatu akiwa amesimama. Vipimo vigumu vya hospitali hupelekwa kwenye maabara kubwa ya nje, na majibu hurudi kupitia seva yake. Mfumo wa maabara ile ni wa zamani, hutuma majibu waziwazi kama barua isiyo na bahasha.

Alichukua kompyuta chakavu, akaifanya kuwa mfano wa seva, akaweka marekebisho na kuyajaribu siku nzima. Yalifanya kazi. Kilichobaki ni kuyaweka kwenye seva yenyewe, na kwa hilo ilibidi mtandao uzimwe kwa dakika arobaini. Kuzima kunahitaji saini ya mkuu wa utawala. Shangazi akajaza fomu kwa mwandiko wake wa duara: ombi la kuweka kiraka cha usalama.

Neno hilo kiraka, jina ambalo mafundi wa kompyuta huyapa marekebisho ya namna ile, ndilo lililoharibu kila kitu. Mwaka uliotangulia, paa la wodi ya wazazi lilizibwa kwa vipande vya bati mara tano, na mara ya sita mvua iliwanyeshea watoto wachanga. Tangu hapo mkuu wa utawala alikuwa ametangaza vita dhidi ya viraka. Alivitaja kwenye kila kikao. Alibandika tangazo kwenye ubao: hospitali hii haifanyi kazi ya viraka. Tena siku ya Alhamisi walikuwa wanakuja wakaguzi, naye alitaka wakute kila kitu kimenyooka. Fomu ilirudi Jumanne saa nne na wino mwekundu: "Viraka hapana. Litafutwe suluhisho la kudumu." Chini yake alikuwa ameielekeza kwenye kamati ya manunuzi, ili hospitali ifikiriwe kupewa seva mpya mwaka ujao.

Katibu muhtasi wake, dada mmoja mpole anayejua kila mlango wa jengo lile, alimshauri Shangazi aandike upya na kuweka neno "maboresho". Bosi analipenda, alisema, lina sauti ya mradi. Shangazi akamuuliza maombi ya maboresho huenda wapi. Kamati ileile, dada akakiri, na kikao chake kiko mwezi ujao.

Upande wa pili wa mbao, Mama Mashuka alikuwa ameshasikia.

"Mwambie bosi wako, alipolazwa na figo mwaka juzi alilalia shuka langu lenye viraka vitatu," alisema. "Mbona hakuamka kutafuta suluhisho la kudumu?"

Shangazi alicheka, lakini nyumbani hakuwa na kicheko. Anaishi nasi, na baba yangu ni mdogo wake. Asubuhi ya Jumatano, tukinywa chai, alitueleza yote, kisha akasema ataiweka programu ile, kwa saini au bila saini. Baba aliweka kikombe chini. Alimkumbusha kwamba karani mmoja alifukuzwa kwa kufungua kabati bila ruhusa, na kwamba ubishi wake umemsumbua tangu utoto wao.

"Dada, umebakiza miaka sita ustaafu," Baba alisema. "Sita tu. Kaa kimya, wakiumbuka waumbuke wao."

"Hawataumbuka wao," Shangazi alisema. "Ataumbuka mgonjwa."

Saa tatu alikuwa mlangoni kwa mkuu wa utawala. Kabla ya kupanda ngazi alikuwa amepita kwa daktari wake, akamwomba afungue kwenye kompyuta majibu ya kipimo chake mwenyewe kilichotoka maabara ya nje. Daktari alishangaa, maana alikwishayasoma wiki iliyopita, lakini akafungua.

Mkuu alimpokea kwa utani. Alikuwa akipanga mafaili ya wakaguzi kwa rangi, na bila kuinua kichwa akasema, "Bi Subiri, leo subiri na wewe, uone utamu wake."

"Mimi huwaambia watu wasubiri ukurasa," Shangazi alijibu. "Sijawahi kumwambia mtu asubiri siri yake. Naomba nitumie kompyuta yako dakika moja."

Mkuu akampisha kiti, labda kwa mshangao tu. Shangazi akaandika mstari mmoja mrefu, ombi lililopindwa kama taarifa ilivyoeleza, akabonyeza, akageuza kioo kuelekea kwake. Ulitokea ukurasa wa maabara: jina la Shangazi, umri wake, namba ya faili, na majibu ya kipimo cha uvimbe kwenye titi. Hakuwa amemwambia mtu habari hizo, hata Baba. Ameniruhusu kuziandika hapa.

"Soma, bosi," alisema. "Si kompyuta ya daktari wangu hii, ni yako, na seva imekupa nakala yake. Na sikutumia neno la siri la mtu yeyote."

Mkuu alisoma mstari mmoja, akageukia dirishani. Alimwambia afunge ukurasa ule. Alimwambia hakuna haja ya kufika huko. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama uvimbe ni wa hatari. Shangazi akamwambia si wa hatari, lakini kesho kwenye kioo hicho anaweza kutokea mtu ambaye wake ni wa hatari, na akasomwa na yeyote aliyekaa kwenye kompyuta mia moja na ishirini, mgeni au mwenyeji.

Nilidhani, aliponisimulia, kwamba hapo mkuu alitia saini. Hakutia. Alikaa, akafungua faili la kijani, akalifunga. Alisema anaelewa, lakini wakaguzi wanaingia kesho, na mtandao ukizimwa ukakataa kuwaka, itakuwa aibu ya hospitali nzima. Wakaguzi wakiondoka Ijumaa, yeye na Shangazi wataliangalia suala hilo kwa utulivu. Na asimwambie mtu.

Shangazi alishuka ngazi. Hakwenda stooni kwake moja kwa moja. Alipita wodi kwa wodi, akawaambia wauguzi wachapishe kila wanachohitaji kabla ya saa saba. Chumba cha dharura akawaachia karatasi yenye namba za simu za benki ya damu na maabara. Aliichagua saa saba kwa sababu kliniki huwa zimeisha na mchana hospitali ina watu wa kutosha wa kukimbia na karatasi, jambo ambalo usiku halipo. Kisha akaenda kwenye kiti chake cha zamani cha mpokea simu, akashika kipaza sauti, na hospitali yote ikamsikia akitaja jina lake kamili na cheo chake, akisema mtandao unazimwa kwa dakika arobaini ili kuziba tundu linalotoa siri za wagonjwa, na kwamba uamuzi ni wake.

Alizima saa saba kamili. Akanakili mipangilio, akaweka programu iliyorekebishwa, akafuta nakala zote za zamani ili lisibaki hata jibu moja la mtu. Hadi hapo dakika ishirini na mbili. Akawasha. Seva ikakataa kuwaka.

Mama Mashuka anasema alijua kuna jambo kwa sababu upande wa pili palikuwa kimya mno, naye akasimamisha cherehani. Simu ya mezani ilianza kulia. Shangazi alijua ni nani, akaiacha ilie. Alisoma mipangilio mstari kwa mstari, kwa kidole, kama alivyokuwa akifuata nyaya darini. Katika mstari wa mia mbili na kumi alikuta amri ya zamani ambayo toleo jipya halikuitambua, na ambayo kwenye mashine ya majaribio hakuwahi kuiweka. Kosa lilikuwa lake. Akaifuta, akawasha tena. Seva ikanguruma. Dakika arobaini na tatu. Akarudi kwenye kipaza sauti kuomba radhi kwa dakika tatu.

Kisha akamwomba daktari wake afungue tena majibu yake, na kwenye kompyuta ya mapokezi akaandika mstari uleule uliopinda. Mara hii kioo kilijibu kwamba ombi halikubaliki. Alijaribu mara nne zaidi, kutoka kompyuta nne tofauti. Majibu yalikuwa yaleyale.

Wakaguzi walikuja na kuondoka bila kuuliza habari ya seva. Barua ikaja Jumatatu: ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kuzima mtandao bila idhini. Baba aliandaa majibu ya kurasa mbili yaliyojaa "samahani" na "kwa unyenyekevu". Shangazi aliyasoma, akamshukuru mdogo wake, akayakunja. Yake yalikuwa na mistari mitatu: alichokikuta, alichokifanya, na kwamba taarifa nyingine ya namna hiyo ikitoka atafanya hivyohivyo.

Kamati ya nidhamu ilimpa onyo la maandishi, la kukaa kwenye faili lake mpaka astaafu. Mkuu wa utawala mwenyewe ndiye aliyemkabidhi, akamwonyesha pa kutia saini, palipoandikwa kwamba mtumishi amesoma na kukubali kosa lake. Shangazi akaomba kalamu. Akakata maneno manne ya mwisho kwa mstari ulionyooka, akaandika juu yake "nimesoma, sijakubali", akatia saini na tarehe, kisha akaomba nakala yake.